Mnavu Kwenye Nyasi za Bwana Mkubwa

Jumatatu, 5 Julai 1954

Ofisini saa mbili kasoro tano. Soksi nilizivuta hadi magotini, nyeupe. Nilipofika mjini zilikuwa na rangi ya barabara ya Rwamishenye. Kiangazi. Nakichukia. Barua kumi na moja za kupiga taipu. Kasiano, karani mwenzangu, amepiga nne, na muda uliobaki amesimulia mpira.

Mke wangu Koleta hajala tena. Kabichi ameitapika. Nyama ameisukuma kando. Hata ndizi hazitaki, na mke wa Kihaya anayekataa ndizi sijawahi kumsikia. Nilikasirika, nikamwambia anajidekeza. Kisha nikaona mikono yake ilivyokonda, nikaogopa. Hasira ilikuwa ya kuficha woga tu.

Mimba ina miezi minne. Ya kwanza ilitoka mwezi wake wa tano. Ya pili vilevile. Mkunga wa hospitali amesema damu yake ni pungufu: alale, asibebe kitu, ale mboga za majani kila siku. Tunajua watu watatu tu, mkunga, Koleta na mimi. Mama yake kule Kamachumu hajui. Mara mbili ndugu walishangilia mapema, mara mbili wakaja kutupa pole. Safari hii tumenyamaza.

Naandika Kiswahili humu kwa sababu Kihaya changu cha kuandika ni kibaya, na Kiingereza kinanichosha ofisini.

Jumanne, 6 Julai

Amesema anachotaka. Eshwiga. Ndio mnavu, kwa Kiswahili cha shule. Mchungu, uliopikwa pamoja na ndizi chungu kimoja, kama anavyopika mama yake.

Nimezunguka soko zima. Kabichi, nyanya, dagaa. Mama mmoja muuza vitunguu aliniuliza kiangazi hiki nitaipata wapi, na tangu lini mwanamume akatafuta mboga. Nikamwambia ni ya sungura. Sina sungura.

Kwetu mwanamume hachumi mboga. Anakata mkungu, anapogoa kahawa, anajenga. Mboga ni za wanawake. Marehemu baba angekufa njaa amekaa katikati ya mchicha. Mimi nimesomeshwa na mapadri miaka minane, lakini kwa jambo hili ni mtoto wa baba yangu kabisa.

Kuwaomba majirani siwezi. Ukiomba mnavu kwa ajili ya mke aliyelala kitandani, umeshatangaza.

Jumatano, 7 Julai

Bwana Mkubwa, Mzungu wa ofisi yetu, ana mafua, hakuja ofisini. Nilimpelekea mafaili nyumbani kwake kando ya ziwa.

Bukoba yote ni kahawia, nyasi zake ni kijani. Anazimwagilia asubuhi na jioni. Wanawake watatu walikuwa wamepiga magoti wakipalilia kwa visu vidogo. Nilisimama barazani nikisubiri sahihi, macho yakatembea. Katikati ya nyasi, pale walipokwisha kupalilia, vichaka vidogo vimesimama hapa na pale. Majani mapana, vijiua vyeupe.

Moyo ulinienda mbio. Bwana aliniuliza kama naumwa. Nikasema vumbi.

Alhamisi, 8 Julai

Saa saba mchana Bwana na mkewe hulala. Niliegesha baiskeli nyuma ya ua, nikainama hapo hapo ukingoni, nikachuma haraka haraka na kusokomeza kwenye jalada tupu la faili. Nilisikia aibu hadi masikioni.

Mtu akanipiga mkono. Alikuwa mkubwa wa wale wapaliliaji, mama mfupi wa makamo, kanga imefungwa kifuani. Anaitwa Ma Felista, naye anakaa Rwamishenye, chini kidogo ya kwetu. Alichukua jani moja mkononi mwangu, akalisugua, akaniwekea puani. Linanuka vibaya, kama panya aliyekufa. Akanionyesha ua lake, refu kama tarumbeta, na tunda lenye miiba. Akasema ng'ombe akila hilo anazunguka hadi aanguke, na mtu ndiyo hivyo hivyo.

Nusura nimpelekee Koleta.

Aliniuliza natafutia nani. Nikajifanya napangusa soksi. Alinitazama soksi, akanitazama uso, akasema, “Sawa, karani.” Akachuma eshwiga yenyewe, akaijaza kwenye jalada. Faili la barua za bandarini.

Koleta alikula. Bakuli zima. Akaomba nyingine.

Ijumaa, 9 Julai

Amekula tena. Hakutapika.

Jumatatu, 12 Julai

Ma Felista amesema hatanichumia kila siku. Kazi yake ni kupalilia. Nijifunze.

Basi najifunza, mimi niliyefaulu hesabu za sehemu kumi. Eshwiga: jani laini, halinuki vibaya, ua dogo jeupe lenye kitovu cha njano, matunda madogo kama shanga, yakiiva ni meusi. Jani lenye matundu ndilo zuri, wadudu wameshalionja na hawakufa. Chuma vichwa tu, usivunje shina, litachipua tena.

Dodo, mchicha wa porini, nilidhani naujua. Kumbe nilikuwa naujua ukiwa kwenye sahani.

Lipo jingine linalotambaa chini, shina jekundu nene, majani madogo yaliyojaa maji. Nimelikanyaga maisha yangu yote. Ma Felista analitafuna bichi akiendelea na kazi. Nilionja. Lina uchachu kidogo. Si baya.

Na kishona nguo, lile lenye vijisindano vyeusi. Machanga yake yanaliwa. Hili sikumwamini hadi alipolichuma na kuliweka kwenye kikapu chake mwenyewe.

Jumatano, 14 Julai

Vile vijisindano. Nilirudi ofisini na soksi zimechomwa kila mahali, nyeusi kwa nyeupe. Kasiano alizunguka meza yangu mara mbili, akauliza, “Ta Leopoldi, mchana huwa unalala porini siku hizi? Au una mtu?” Ofisi nzima ikacheka. Nikaketi nikavitoa kimoja kimoja chini ya meza. Vilikuwa vingi mno.

Waseme nina mtu. Ni afadhali wafikiri hivyo kuliko ukweli. Ajabu ya mambo, mwanamume kuiba mke wa mtu ni hadithi ya kucheka, kuchuma mboga ni fedheha.

Ijumaa, 16 Julai

Leo nimeelewa jambo. Nilimuuliza Ma Felista kwa nini wakipalilia wanaacha vile vichaka vimesimama. Alinishangaa. Akasema mkono haung'oi mboga. Amefundishwa kibanjani kwa mama yake tangu hajaota meno ya pili: unapita na kisu chako chini ya migomba, magugu yanatoka, eshwiga inabaki, dodo linabaki. Hafikirii hata kidogo. Mkono unapita wenyewe.

Kwa hiyo wametunza nyasi za Mzungu kama kibanja cha Kihaya. Kila wiki wanatoa magugu, mboga inanenepa, jioni wanakwenda nayo nyumbani. Wala hawaibi. Kwao hiyo ndiyo kazi iliyofanywa vizuri.

Nilicheka peke yangu kwenye baiskeli hadi Rwamishenye. Koleta ana rangi usoni. Leo ameniimbia.

Jumatatu, 19 Julai

Siku mbaya. Nimefanya jambo baya, naliandika.

Mke wa Bwana Mkubwa anatayarisha karamu ya chai, tarehe thelathini na moja, hapo hapo kwenye nyasi. Asubuhi alitembea humo na mwavuli wake akahesabu vichaka. Bwana akaniita nyumbani nitafsiri. Uso mwekundu. Aliuliza kwa nini wanawake hawa wanalipwa kupalilia na wanaacha magugu makubwa kuliko yote yamesimama mbele ya macho yake.

Nikamwambia Ma Felista. Akajibu bila woga wowote: “Mwambie yale si magugu, ni mboga. Tumemtunzia. Kama hali, tunakula sisi, na wewe karani unakula.”

Na wewe karani unakula. Bwana alikuwa ananitazama, ananisubiri. Nikafungua mdomo nikasema kwa Kiingereza kizuri kabisa: anaomba radhi, hawakuwa makini, watafanya vizuri zaidi.

Bwana akasema hapana, wamekwisha kuahidi hivyo mara tatu. Leo ni siku yao ya mwisho. Kuna dawa mpya imekuja kwa meli kutoka Kisumu, inaua magugu inaacha nyasi. Itamwagwa Jumatatu ijayo. Kuanzia sasa mtu asikanyage nyasi.

Nimemfanya mama wa watu aonekane mvivu ili mimi nisionekane mchuma mboga. Nina aibu. Ile ya soksi ilikuwa mchezo.

Jumanne, 20 Julai

Nimeliona debe la dawa ofisini. Maandishi madogo. Wanyama wasilishwe mahali ilipomwagwa. Juu ya wanawake wa Rwamishenye hakuna neno.

Jioni nilipita kwa Ma Felista nikamwambia habari ya dawa, asiruhusu mtu yeyote kuchuma pale tena baada ya Jumapili, hata kando ya ua. Alinishukuru. Kisha akauliza, “Bwana ulimwambia nilivyosema?”

Nikaanza kufuta vumbi kwenye kiti cha baiskeli. Alielewa. Akaingia ndani akafunga mlango taratibu. Angeupigiza ningeona nafuu.

Jumatano, 21 Julai

Hakuna eshwiga. Nimejaribu kabichi. Nimejaribu dagaa. Koleta alimeza vijiko vitatu kwa ajili yangu, akatoka nje.

Sikumwambia kwa nini imekwisha. Nilisema Bwana amefunga geti. Ni kweli nusu.

Alhamisi, 22 Julai

Damu. Kidogo, asubuhi.

Nilimpeleka hospitali kwa gari la mmisionari mmoja aliyepita njia. Mkunga amesema mtoto yumo, moyo wake unasikika. Alale. Ale. Akaniuliza mimi, si yeye, mboga zimeishia wapi.

Koleta hakulia. Alinishika kidole kimoja njia yote ya kurudi.

Naogopa. Sina neno jingine.

Ijumaa, 23 Julai

Niliingia kwa Bwana Mkubwa saa mbili na dakika tano, kabla sijakaa kwenye meza yangu, kwa sababu nikikaa sitasimama.

Nikasema yote. Kwamba Jumatatu nilitafsiri uongo. Kwamba mama yule alisema ni mboga, na ni kweli. Kwamba mimi mwenyewe nimechuma kwenye nyasi zake mchana akiwa amelala, siku saba, kwa ajili ya mke wangu mwenye mimba ambaye hawezi kula kitu kingine, na jana ameona damu. Kiingereza kiliniponyoka njiani, nikamalizia kwa Kiswahili. Nikaomba ruhusa kuing'oa yote na mizizi kabla ya dawa, nikaipande kwangu. Jasho lilinitoka kama nimebeba gunia.

Alifunga kalamu yake. Akauliza kwa nini nilisema uongo. Nikasema kwa sababu kwetu mwanamume hachumi mboga. Alifikiri hapo kuliko mahali pengine pote.

Kisha akasema nimwonyeshe.

Tukaenda. Karani na Bwana Mkubwa, tumepiga magoti kwenye nyasi saa tatu asubuhi, mpishi anatuchungulia dirishani. Hii eshwiga. Hili dodo. Hili linalotambaa, tafuna. Hili la ukingoni, lenye ua la tarumbeta, usiguse. Alitafuna jani la eshwiga, akatema kwenye leso, akasema ni chungu sana. Nikasema ndiyo, Bwana. Akasema kwao mama yake alikuwa akivaa glovu na kwenda kuchuma majani yanayowasha kwenye ua wa shamba, wakanywa supu yake kila mwaka baridi ikiisha. Alikuwa akimwonea haya mama yake mbele ya wenzake wa shule. Hayo aliyasema akitazama ziwa.

Uamuzi: dawa itamwagwa Jumatatu kama ilivyopangwa, mkewe anataka nyasi safi. Hadi Jumamosi jioni tung'oe tutakacho. Na nikitafsiri uongo tena nitafute kazi kwingine. Ni haki yake.

Niliomba pia wanawake warudishwe kazini. Akakataa, kazi ya kupalilia imekwisha kwa sababu dawa ndiyo mpalilizi. Lakini ameandika karatasi kwenda kwenye ghala la kahawa kwamba ni wapaliliaji wazuri. Niliipiga taipu mwenyewe. Sijawahi kupiga barua safi kama ile.

Nikampelekea Ma Felista karatasi na kumsomea. Nikamwambia nimesema yote, na sehemu yangu pia. Alichukua karatasi, akaikunja, akaitia kwenye pindo la kanga. Akasema, “Kesho uje na jembe dogo. Na uvue hizo soksi.”

Jumamosi, 24 Julai

Ofisi hadi saa sita. Kisha nilivua soksi.

Tulikuwa wanne, Ma Felista, wenzake wawili na mimi. Tulichimba kuzunguka mizizi na udongo wake, tukafunga kila mche kwenye kipande cha gome la mgomba, tukarudishia nyasi na kukanyaga ili pasiachwe shimo. Nilivunja miche mitano. Ma Felista aliihesabu kwa sauti. Matunda meusi aliyakamua kwenye majivu, akayakunja ndani ya jani kavu la mgomba akanipa: mbegu, kama miche itakataa.

Wakachukua zao. Zangu zilijaa karai mbili, moja mbele ya baiskeli na moja nyuma. Kupanda baiskeli haikuwezekana. Ilibidi kuisukuma, na njia ya Rwamishenye inapita pale penye mgahawa, na Jumamosi mchana makarani wote wa Bukoba wako kwenye mgahawa.

Nilifikiri kuzunguka kwa njia ya ziwani. Miche ingekauka. Basi nikapita.

Kasiano aliniona wa kwanza. Miguu mitupu, matope magotini, mboga mbele na nyuma. Akasimama na kikombe chake: “Jamani, Ta Leopoldi! Kumbe mtu wako ni mchicha!” Walicheka, hata mimi ningecheka.

Nikasimamisha baiskeli. Nikasema kwa sauti ambayo sikuipanga: “Mke wangu ana mimba. Mbili zimetoka. Hii inakula eshwiga tu, na mimi ndiye ninayemchumia.”

Mwenye mgahawa aliacha kumimina chai.

Kasiano akaweka kikombe chini. Akaja, akashika karai ya nyuma iliyokuwa inataka kuanguka, akatembea nayo kando yangu hadi Rwamishenye, maili mbili, kwa viatu vyake vya Jumamosi. Hakusimulia mpira hata mara moja. Njiani aliuliza ni lipi ndilo dodo.

Koleta alikuwa amesikia kabla sijafika, sijui habari zilipanda gari gani. Alinitazama kutoka kitandani. Nilijua amekasirika, siri ilikuwa yetu wawili na mimi nimeipigia kelele barabarani. Akasema, “Umesema mbele ya wote?” Nikasema ndiyo. Akacheka hadi akajishika tumbo, nikamwambia asicheke, mkunga amekataza. Kisha akalia kidogo. Kisha akasema basi mama yake aandikiwe, asisikie kutoka kwa muuza vitunguu.

Mwenye nyumba, Ta Byabato, ametupa ukanda wa ardhi nyuma ya jiko. Ma Felista amekuja jioni, akapanda yeye, mimi nikamwagilia. Alinisahihisha namna ya kushika kopo.

Jumapili, 25 Julai

Misa. Watu wawili nisiowajua walinipa mkono.

Miche yote imelala chini kama walevi. Ma Felista anasema itaamka. Koleta amekula majani ya ile miche niliyoivunja.

Jumatatu, 26 Julai

Dawa imemwagwa. Nilipeleka mafaili mchana nikaona mtu na pampu mgongoni. Inanuka kama ukoko wa sufuria ya bati. Nimefurahi kwamba pale chini hakuna kitu cha kufa isipokuwa magugu ya kweli.

Nyumbani miche kumi na nane imeinua vichwa. Nimeihesabu kabla ya kuvua kofia.

Jumapili, 1 Agosti

Karamu imepita jana. Bwana amesema wageni walisifu nyasi. Nikasema hongera. Kasiano alileta mchicha, kwa mkono wake, amechuma nyuma ya nyumba ya dada yake. Nusu ilikuwa majani ya viazi. Tukapika yote.

Jumapili, 15 Agosti

Sikukuu ya Mama Maria. Mwezi wa tano wa mimba umekwisha leo, kwa hesabu ya mkunga. Koleta alinisukumia bakuli lake nikamalizia. Chungu kweli. Tangu lini nimeanza kuipenda?

Alhamisi, 9 Septemba

Mvua ya kwanza ya kueleweka. Ile mbegu ya Ma Felista nimeimwaga ukandani bila mstari, alivyoniambia. Nilitaka mistari. Alikataa.

Yeye sasa anachambua kahawa ghalani, anakaa kwenye kivuli, anasema magoti yanamshukuru. Bado ananidai ile sentensi ya Jumatatu. Haisemi. Lakini kila nikimsalimia ananisubirisha kidogo kabla ya kuitika.

Jumanne, 12 Oktoba

Nilipita kwa Bwana na barua. Katikati ya nyasi zile safi, mche mmoja wa eshwiga, mdogo, majani manne. Umetoka wapi sijui. Mkono ukataka kuupita. Nikainama nikaung'oa na mzizi wake wote, nikautupa kwenye moto wa mtunza bustani, asije mama yeyote akauchuma na dawa iliyomo. Niliumia kufanya hivyo. Mwezi wa saba mwaka huu nisingeutambua hata kwa sura.

Jumatano, 22 Desemba

Msichana. Alfajiri, hospitali. Mzima. Analia kwa hasira, mkunga anasema amechukua kwa baba. Koleta yuko salama.

Siwezi kuandika zaidi. Nimejaribu mara tatu, karatasi inalowana.

Jumatatu, 27 Desemba

Amebatizwa Felista. Nilimwuliza mwenye jina kama anakubali. Alimtazama mtoto kwanza, kisha mimi. Akasema, “Sasa ndiyo umetafsiri.” Akampokea.

Jumapili, 23 Januari 1955

Misa ya kwanza. Baadaye, kwa kuwa hakukuwa na kazi, nilichukua kisu kidogo nikaenda nyuma ya jiko. Mvua imeamsha kila kitu. Nimevaa kaptura ya zamani, sina soksi.

Mama mkwe yupo nasi tangu Krismasi, amekuja kutoka Kamachumu na mkungu wa ndizi, karanga na maneno machache. Mbele yake najichunga. Mkwe na mkwe, kila mmoja na heshima yake. Hakuwa amewahi kuniona na kisu kile. Koleta alimwachia aamini kwamba ukanda ni kazi ya majirani.

Nilipalilia kutoka kwenye mgomba hadi ukutani. Kufika mwisho nikageuka kutazama. Magugu yamelala upande mmoja. Eshwiga imesimama, dodo limesimama, lile linalotambaa limetambaa lilivyo. Sikukumbuka kuliacha hata moja.

Mama mkwe alikuwa mlangoni mwa jiko, Felista mgongoni mwake amelala, mdomo wazi. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu saa ngapi. Nilitaka kuficha kisu.

Aliingia ndani. Akatoka na kikapu chake kile cha Kamachumu, akakiweka chini karibu na goti langu, akarudi kuangalia moto.

Nikachuma vichwa tu, sikuvunja mashina.